Simu unayo tayari: tableti na saa janja zina kazi gani tena?

Kila mshahara ukitoka lazima kuna mtu ataniuliza, kaka eti ninunue tableti au saa janja, na ukiangalia mkononi simu anayo, tena nzuri kuliko yangu. Jibu langu siku hizi ni moja tu: kifaa cha pili kina maana kama kinaipunguzia simu yako kazi. Kama kazi yake ni kukuonyesha meseji zilezile mara ya pili, basi umenunua kitu kingine cha kutafutia soketi. Kwa kipimo hicho tableti kwangu imepita vizuri tu, bendi ya mkononi ya bei rahisi, ule mkanda mwembamba wenye kioo kidogo, imepita nayo, na zile saa za bei mbaya zimefeli, isipokuwa kwa watu wachache ambao ntawataja huko mbele.

Tuanze na tableti maana ndo yenye mengi.

Mi kazi yangu ni ya makaratasi, mikataba, nyaraka za zabuni, PDF ya kurasa sitini inatumwa WhatsApp saa nne usiku na mtu anataka jibu kabla ya saa mbili asubuhi. Sasa PDF ya A4 kwenye kioo cha inchi sita na nusu ni adhabu, unavuta kushoto unavuta kulia, ukirudi mstari umeupoteza, na ukikutana na jedwali lenye safu nane ndo usiseme kabisa. Kwenye tableti ya inchi 11 ukurasa unakaa wote, unausoma kama ulivyo, unaweka alama kwa kidole, unatuma. Simu iko pembeni inachaji. Hiyo ndo maana ya kuipunguzia simu kazi, kwa sababu zamani masaa mawili ya kusoma usiku yalikuwa yanaimaliza betri ya simu na asubuhi natoka nyumbani na asilimia thelathini.

Na hili si la watu wa ofisini tu. Wanaoikumbuka sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 wanakumbuka makarani walivyokuwa wanapita na vishikwambi, yaani tableti, mtu amesimama mlangoni kwako anajaza dodoso zima bila karatasi, na baadae vile vishikwambi vikaenda kwa walimu. Dada yangu ni mwalimu wa msingi, chake mpaka leo anakitumia, maandalio ya somo yamo humo, vitabu vya Taasisi ya Elimu (TET) kashusha humo, picha za wanafunzi wake za mahafali zimejaa humo. Mwambie asome kitabu cha kiada kwenye simu atakucheka. Wanafunzi wa chuo nao hivyohivyo, slaidi za mhadhiri kwenye simu hazisomeki, na laptopu nzima kuibeba kwenye mwendokasi ya saa moja asubuhi inataka moyo.

Lakini sikiliza, tableti ina mambo yake ambayo muuzaji hatakwambia.

La kwanza bando. Tableti nyingi za bei ya kawaida ni za waifai tu, hazina sehemu ya laini, kwa hiyo intaneti inatoka kwenye hotspoti ya simu yako. Sasa tableti ikishaunganishwa inajiona iko kwenye waifai ya bure ya ofisini, inaanza kusasisha programu zote, inapandisha picha, na YouTube ikiona kioo kikubwa inafungua video kwa ubora wa juu, hapo GB moja inaondoka ndani ya saa moja bila hata kukuaga. Dawa yake ipo na haina gharama: ingia kwenye mipangilio ya waifai ya tableti, gusa jina la hotspoti yako, tafuta palipoandikwa "metered" uiwashe, afu kwenye Play Store zima kujisasisha. YouTube nayo, kwenye mipangilio yake ya ubora wa video, ichagulie "Data saver". Ukishafanya hayo matumizi yanashuka sana. Ila hotspoti bado inakula betri ya simu, hilo halina ujanja, kama nyumbani una waifai ya kulipia kwa mwezi ndo tableti inanoga kweli.

La pili pesa. Usije ukadhani tableti itakuwa simu yako ya pili ya miamala. Ile ya waifai tu haijui *150*00# ya M-Pesa ni kitu gani, na hata zenye laini siyo zote zinapiga simu wala kufungua menyu za namna hiyo (USSD), iPad yenye laini kwa mfano inakupa intaneti tu, simu ya kawaida ya laini haipigi. Zipo za Android zinazopiga, ila hakikisha dukani kwa kuweka laini yako na kuangalia salio pale pale kabla hujatoa hela. Programu za benki na za pesa za simu zenyewe mara nyingi zinataka laini iwe kwenye kifaa hichohicho. Kwa hiyo simu inabaki kuwa waleti, tableti inabaki kuwa daftari na televisheni.

WhatsApp angalau sasa imekaa sawa. Zamani ilikuwa kero, sahivi unaiunganisha tableti kama kifaa cha ziada kwenye namba yako ileile, mpaka vifaa vinne, na wenye iPad ambao walikuwa wanateseka na kivinjari walipata programu yao Mei 2025. Kuandika meseji ndefu kwenye kioo kikubwa ni raha, ukiongeza na kibodi ndogo ya bluetooth ndo kabisa.

Ipi sasa? Kwa hela ya kawaida mi nawaelekeza watu kwenye mbili, Samsung Galaxy Tab A9+ na Redmi Pad SE, zote za 2023 na zote inchi 11, na zote zina spika nne ambazo kwa kuangalia mpira zinatosha chumba kizima. Redmi ina betri kubwa zaidi, 8000mAh dhidi ya 7040mAh ya Samsung, ila chaji yake ni wati 10 tu, yaani ukiikuta imezima na mechi inaanza baada ya nusu saa umekwisha, mwenzake ana wati 15 ambazo nazo siyo mbio. Zote mbili hazina alama ya kidole, utafungua kwa uso au namba ya siri. Redmi ile ya inchi 11 ni ya waifai tu, Samsung ina toleo la waifai na la laini. Ilipotoka, Tab A9+ Marekani iliuzwa kuanzia dola 220 hivi na Redmi Ulaya euro 199, kwa hiyo muuzaji wa mtaa wa Aggrey pale Kariakoo akikutajia bei jua alipoanzia, ameongeza usafiri, ushuru na faida yake, hiyo ni haki yake, ila akikutajia mara mbili cheka naye kidogo afu vuka barabara.

Kaa mbali na zile tableti za jina lisilojulikana, box limeandikwa RAM 12GB, hifadhi 512GB, Android mpya kabisa, bei elfu sabini. Haiwezekani. Ndani unakuta RAM ya GB mbili, na mfumo umechezewa ili uonyeshe namba za uongo. Shusha programu ya CPU-Z pale pale dukani uone ni prosesa gani imo, muuzaji mwaminifu hatakataa. Kingine ambacho watu hawakijui ni kwamba hizo za uchochoroni hazina kibali cha Widevine L1, kile kinachoruhusu video za kulipia zionekane kwa ubora wa juu, sasa hata ukilipia Netflix unaangalia picha ya ukungu ya 480p kwenye kioo kikubwa, si bora ungebaki na simu.

Kwa watoto mi nina msimamo wangu ambao mke wangu haukubali wote. Afadhali mtoto ashike tableti yenye muda maalum, imewekewa Family Link (programu ya Google ya mzazi kusimamia kifaa cha mtoto) na kava nene la mpira, kuliko kushika simu ya baba yenye meseji za kazini na M-Pesa. Hapo tu tableti inakuwa imejilipa, maana mtoto kumpigia bosi wako video saa tano usiku ni jambo linalotokea.

Haya, saa janja.

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Watu wengi wananunua saa janja kwa sababu inapendeza, na kupendeza siyo dhambi, ila tusidanganyane eti ni afya. Tuangalie inakusaidia nini ukiwa hapa kwetu.

Kitu cha kwanza na kikubwa kwangu ni kuacha simu mfukoni. Ukiwa Kariakoo, ukiwa kwenye daladala dirisha liko wazi pale Buguruni, ukiwa umesimama barabarani na bodaboda wanapita karibu, kutoa simu ni kuialika safari. Bendi inatetemeka mkononi, unatupia jicho, unaona ni nani anapiga, kama ni mama ukishuka utampigia, kama ni yule wa kikoba subiri kwanza. Na kelele za konda na muziki ule simu hata uweke mlio wa juu husikii, ila mtetemo wa mkononi unausikia. Niliposikia wenzetu wa Nairobi wanalalamika simu kunyakuliwa mjini nikajua hili ni letu sote.

Cha pili ni kengele ya kimya. Hii hakuna anayeisifia kwenye matangazo na ndo ninayoitumia kuliko zote. Alfajiri inatetemeka mkono wangu tu, chumba kizima kimelala, mtoto hajashtuka. Ramadhani kwenye daku ndo inafanya kazi yake haswa. Na kwa kuwa tumefika hapo, wakati wa udhu maji hayaiui bendi yenye 5ATM, yaani kiwango cha kuhimili maji, ila isogeze juu au uivue maji yafike kwenye ngozi, halafu jifute kabla ya kuirudisha maana joto la Dar na mkanda wa mpira ukiwa na unyevu, wiki haiishi una vipele.

Cha tatu, meseji za malipo. Jirani yangu ana duka la vipodozi, wateja wanalipa kwa simu mfululizo, mikono yake muda wote imeshika kitu. Meseji ya M-Pesa inapoingia inaanza na namba ya muamala, inafuata "Imethibitishwa", afu "Umepokea Tsh" na kiasi, sasa kwa bahati nzuri hayo yote yanatosha kwenye kioo cha bendi kabla hujasogeza chini. Anasoma, anamkabidhi mteja mzigo, maisha yanaendelea. Ila kuna jambo nilimwambia na wewe nakwambia, angalia jina la aliyetuma juu ya meseji kabla ya kuangalia kiasi. Matapeli wanatuma meseji iliyoandikwa vilevile kutoka namba ya kawaida, na kwenye kioo kidogo jicho linakimbilia kwenye hela. Mzigo ukiwa wa hela nyingi, toa simu uangalie salio, usione uvivu. Na ukumbuke aliyekaa pembeni yako kwenye daladala naye anasoma, zima kuonyesha maandishi ya meseji za benki.

Sasa angalia hizo faida tatu. Mtetemo, kengele, meseji. Zote bendi ya kawaida inazo. Xiaomi Smart Band 9 iliyotoka 2024 ina kioo cha inchi 1.62 cha AMOLED, na kampuni inataja siku 21 za chaji, au 9 ukiacha kioo kinawaka muda wote. Ukiwasha vipimo vyote usitegemee hizo 21, ila hata ikigawanywa nusu bado huna presha umeme ukikatika. Apple Watch ya kawaida, hadi Series 10 ya 2024, kampuni yenyewe ilisema masaa 18. Masaa 18! Yaani ukiivaa saa kumi na mbili asubuhi, kufika saa sita usiku inaomba maji. Kwa nyumba ambayo kuna siku umeme unarudi ukiwa umelala, hiyo saa itakuwa inashinda mezani.

Afu kuna ndoa za lazima ambazo muuzaji anazijua ila hasemi. Apple Watch bila iPhone huwezi hata kuianzisha. Galaxy Watch kuanzia ya nne, ya 2021, haikubali iPhone. Kuna jamaa alitumiwa Apple Watch zawadi na ndugu yake Muscat, simu yake Samsung, ile saa aliivaa imezima kwa ajili ya harusi mbili tatu afu akaiuza. Bendi za Xiaomi, Amazfit na nyingi za namna hiyo zinakubali pande zote mbili.

Kuhusu afya sasa. Hatua inahesabu vizuri vya kutosha, mapigo ya moyo ukiwa umetulia inakaribia ukweli, usingizi inakisia. Hayo malengo ya hatua elfu kumi yenyewe yalianzia kwenye kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ilikuwa jina la biashara, hakuna daktari aliyekaa akapiga hesabu. Ukifika elfu sita na umetoka jasho hongera, usizunguke sebuleni usiku ili bendi ikuonyeshe zile fataki zake za kufikisha lengo.

Presha ndo penye hatari. Zile saa za elfu thelathini, elfu arobaini zilizotapakaa kila kona, zimeandikwa Ultra, zina kitufe cha rangi ya chungwa na mikanda saba ndani ya box, zinakwambia zinapima presha, oksijeni, na siku hizi hadi sukari. Shemeji yangu alinunua moja kwa furaha zake, tukaifunga kwenye chupa ya maji ya nusu lita pale mezani, tukabonyeza presha. Taa ya kijani ikawaka, ikafikiri kidogo, ikaleta 118 kwa 76. Chupa ina presha nzuri kuliko mimi. Tulicheka sana, ila mama mkwe ana presha kweli na alikuwa ameshaanza kuiuliza ile saa kama ameze dawa au asimeze. Hapo kicheko kikaisha. Galaxy Watch zinazopima presha kwenye nchi zilizoruhusiwa zenyewe zinataka uzirekebishe kwa kuzilinganisha na mashine ya kawaida ya kufunga mkononi kila baada ya siku 28, sasa hii ya elfu thelathini imepata wapi huo uwezo. Na sukari ndo kabisa, Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Kama una mgonjwa nyumbani, hela ya saa nunua mashine ya presha ya mkononi.

Wale wachache niliosema saa ya bei mbaya inawafaa ni hawa. Anayekimbia kweli, mtu anajiandaa na Kili Marathon pale Moshi na hataki kubeba simu, huyo anahitaji saa yenye GPS yake yenyewe, maana bendi kama hiyo ya Xiaomi inaazima GPS ya simu na ukiiacha simu nyumbani umbali inakisia kwa hatua. Mtu ambaye daktari wake amemwambia afuatilie mdundo wa moyo, na ana iPhone, Apple Watch zenye ECG, kipimo cha umeme wa moyo, zipo toka Series 4 ya 2018, hapo anapata kitu cha kumwonyesha daktari, siyo cha kujitibia. Na mwenye hela zake ambaye anaipenda tu, huyo hahitaji ruhusa yangu.

Kama ni maksi, tableti naipa nane kwa kumi, bendi saba, saa ya bei mbaya tano, na zile Ultra za box la mikanda saba sizipi kitu.

Mwisho kuna wanaouliza kuhusu iPad za mtumba, zile za Dubai na Uingereza. Zinafaa sana kwa bei, ila vitu viwili. Muuzaji aifute kabisa mbele yako, iwake upya, ukiona inaomba akaunti ya mtu mwingine achana nayo hata akikuapia kwamba kuna fundi wa kuifungua. Halafu angalia ni ya mwaka gani, iPad Air 2 ya 2014 iliishia iPadOS 15, ile iPad ya kawaida ya 2018 iliishia 17, na programu za benki na shule zikianza kukataa mfumo wa zamani hamna fundi wa kukusaidia. Ya 2020 kwenda mbele ndo nunua. Na kava na kioo cha kulinda chukua hukohuko siku hiyohiyo, maana vya simu vinauzwa kila kibanda ila vya tableti ukivikosa Kariakoo utaagiza, na tableti ikidondoka hujavipata, kioo kipya kinaweza kufika nusu ya bei uliyonunulia.